Rili ya Kuvulia na Matunzo Yake

Iyula ni kata ya wakulima wa kahawa katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, na mgeni apitaye huko, akatazama mibuni na migomba na mahindi yaliyotanda vilima kwa vilima, na njia za udongo zinazotimua vumbi kiangazi kizima, itamwia vigumu kudhani kwamba katika nyumba za watu hao mna zana za uvuvi. Hata hivyo zimo. Ziwa Rukwa, lililolala bondeni kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, si safari ya kumtisha mtu aliyezoea kupanda na kushuka. Mto Momba, na ule mto Songwe unaoelekea kaskazini, humwaga maji yake humo, ilhali ndugu yake mwenye jina lilo hilo hushika njia ya kusini mpaka Ziwa Nyasa. Na mji wa Tunduma, uliopakana na Nakonde ya Zambia, ni soko ambalo bidhaa mpya na kuukuu za mataifa hupita mchana na usiku. Mtu aliyezoea kupekua marundo ya mitumba katika masoko ya namna hiyo huenda siku moja akaukuta ufito wa kuvulia uliokuja pamoja na makorokoro mengine, nao una rili yake shinani, imekakamaa, haizunguki, na bei yake ni ndogo kwa sababu muuzaji mwenyewe amekwisha kuikatia tamaa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa rili hiyo, na kwa ajili ya kila mwenye rili njema ambayo imeanza kulia. Duka la vipuri vya rili halipo Iyula, wala si rahisi kulipata Vwawa au Mbeya. Kwa hiyo mwenye zana hana budi kuwa fundi wa zana yake. Ninaamini kwa dhati kwamba jambo hili liko katika uwezo wa mtu yeyote mwenye meza, mwanga wa kutosha na subira, na kwamba nyingi katika rili zinazotupwa zingalikuwa na miaka mingi ya kutumika kama zingalifunguliwa kwa wakati, zikaoshwa, zikatiwa mafuta yanayostahili mahali panapostahili. Kazi ya kuvuta samaki ndiyo rili iliyoumbiwa, nayo huistahimili. Inayoishinda ni taka iliyoingia ndani ikaachwa humo msimu baada ya msimu.

Kwanza tuijue zana yenyewe. Wavuvi wa pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, wamevua kwa mshipi wa mkono dahari nyingi, mshipi umezungushwa kwenye kipande cha mti, chubwi na ndoana mwishoni, na kidole cha shahada ndicho kinachopokea habari za chini ya maji. Na hapana mtu mwenye insafu atakayesema kwamba ustadi huo una upungufu. Rili ilikuja kwa haja nyingine, nayo ni kutupa chambo mbali na kumchosha samaki mwenye nguvu pasipo kukata mshipi. Asili yake ni ya kale: mchoraji wa Uchina aitwaye Ma Yuan, mnamo mwaka 1195 hivi, alimchora mvuvi peke yake katika mashua, na kwenye ufito wake kigurudumu cha mshipi chaonekana dhahiri. Katika Uingereza habari zake zilianza kuandikwa mwaka 1651. Lakini rili iliyo nyingi mikononi mwa watu leo, ile ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kutupa bali uzi huchopoka kwa mbele, ilipewa hataza mwaka 1905 na Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, na wengi husema kwamba fikira hiyo aliipata kwa kutazama jinsi nyuzi zinavyofunguka katika bobini za mitambo ya kufumia. Mwaka huohuo wa 1905 samaki aina ya trauti walipandikizwa katika mto Gura wa nyanda za juu za Kenya, na walowezi wakaja na nyuzi na rili zao kuwafuata. Na kufikia mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alikuwa akivua baharini karibu na Malindi. Kwa muda mrefu basi rili ilikuwa zana ya wageni wenye wasaa, na kwa sababu hiyo maarifa ya kuitengeneza hayakuenea miongoni mwetu kama yalivyoenea maarifa ya kutengeneza baiskeli na cherehani.

Na bado ujamaa wa zana hizi ni wa karibu kuliko watu wanavyofikiri. Kampuni ya Kijapani ya Shimano, ambayo waendesha baiskeli wengi wameliona jina lake limechongwa kwenye gia za nyuma, ilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai kwa kutengeneza gia za baiskeli zinazozunguka upande mmoja tu, na ilipofika mwaka 1970 ikaingia katika biashara ya zana za uvuvi. Jambo hilo halishangazi. Aliyeweza kutengeneza gia inayokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma amekwisha kuipata nusu ya rili, na fundi wa baiskeli wa Iyula aliyewahi kuosha gololi za ekseli kwa mafuta ya taa amekwisha kuwa nusu ya fundi wa rili.

Ukizungusha mkono wa rili, mkono huo huzungusha gia kubwa iliyo ndani ya sanduku. Gia kubwa huzungusha gia ndogo, ambayo mafundi huiita pinioni. Nayo pinioni huzungusha rota, yaani kile kichwa chenye upinde wa waya kinachouchukua uzi na kuuzungushia bobini. Wakati huohuo mtambo mwingine mdogo huisukuma bobini mbele na nyuma taratibu ili uzi ulale sawasawa. Juu ya bobini, au nyuma ya sanduku, kuna kifundo cha kukazia breki: chini yake zimepangwa washa, moja ya chuma na moja ya kitambaa au kaboni kwa zamu, na msuguano wa washa hizo ndio unaomruhusu samaki mzito kuchukua uzi kidogo kidogo badala ya kuukata. Mzunguko mmoja wa mkono katika rili nyingi huzungusha rota mara tano au zaidi. Nimeitaja hesabu hii kwa makusudi, maana ndiyo inayoeleza kwa nini chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho inaweza kuharibu chuma kizuri: kila mkono unapopita mara moja, chembe ile husagwa mara tano kati ya gololi na njia yake.

Maadui wa rili hutofautiana kwa mahali. Pwani ni chumvi, ambayo haiishii kukauka juu ya chuma, bali huendelea kuvuta unyevu wa hewa hata siku ya jua, na hivyo kutu hupata chakula chake bila kukoma. Huku kwetu ni vumbi, na kwa yule anayeshuka Rukwa ni magadi pia, kwa sababu ziwa lile halina mto unaotoka. Maji huingia, jua huyakausha, na magadi hubaki. Sanduku la rili aghalabu ni la alumini, na magadi ni hasimu wa alumini: mama yeyote aliyechemsha maharage kwa magadi katika sufuria ya alumini ameiona sufuria hiyo ikigeuka nyeusi kwa ndani. Yanayoipata sufuria jikoni kwa saa moja ndiyo yanayoipata rili polepole kwa miezi, hasa mahali ambapo skrubu ya chuma imekutana na alumini na pakabaki tone la maji kati yake, kwa kuwa metali mbili zisizo sawa zikiloweshwa pamoja, ile iliyo dhaifu huliwa haraka zaidi. Ndiyo sababu ya skrubu nyingine kukataa kabisa kutoka.

Watu wa Mbozi hawahitaji kufundishwa kwamba chuma si namna moja. Kilimani huko Mbozi kimelala Kimondo, chenye urefu wa kiasi cha mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ambacho dunia ya nje ilikijua mwaka 1930, na ambacho kimepigwa na mvua za masika karne nyingi pasipo kumomonyoka, kwa kuwa chuma chake kimechanganyika na nikeli. Na Wanyiha wenyewe walikuwa wahunzi, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo kabla majembe ya viwandani hayajafurika sokoni. Gololi za rili bora hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa kromu ili kustahimili maji, lakini nyingi za rili za bei nafuu hazina bahati hiyo, na skrubu zake huanza kubadilika rangi baada ya safari chache tu. Mwenye rili ya namna hii aitazame mara nyingi zaidi kuliko mwenye rili ya gharama, wala asiidharau, maana matunzo yanaweza kuirefushia umri kuliko ile ya gharama iliyotelekezwa.

Sasa tuketi mezani. Tandika kitambaa cheupe, si kwa urembo bali kwa sababu springi ndogo ikidondoka juu ya kitambaa cha maua imepotea. Chukua trei tupu ya mayai: ni chombo bora kuliko sahani, maana kila kishimo chake hupokea sehemu moja, na ukizipanga kwa utaratibu wa kutoka, basi utaratibu wa kurudi umejiandika wenyewe. Kama una simu yenye kamera, piga picha kila hatua kabla ya kuondoa kitu. Bisibisi ziwe zinazoingia barabara katika vichwa vya skrubu. Bisibisi ndogo kuliko skrubu huila skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa ni msiba wa siku nzima. Mswaki wa zamani, vijiti vya pamba, njiti za meno, sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, mafuta ya taa kidogo katika kikombe cha bati, mafuta ya cherehani na kopo dogo la grisi ya beringi: vyote hivi hupatikana Iyula penyewe au Mlowo. Sabuni ya unga iache kwa nguo, kwa kuwa ina magadi. Petroli usiilete ndani ya nyumba hata kidogo. Mvuke wake hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mkaa lililo chumba kingine, tena huilainisha plastiki na kuiharibu mipira.

Kuna mzee hapa Iyula ambaye kila mwaka, kabla kahawa haijaiva, huzifungua mashine za mkono za kumenyea kahawa za majirani, akazisafisha na kuzitia grisi. Nilimpelekea rili ambayo skrubu yake moja ilikuwa imeshikana. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, aliigeuzageuza mkononi, akaipa ile skrubu tone la mafuta, akaiweka dirishani. "Kijana wangu," akaniambia, "skrubu ikikataa usishindane nayo. Itie mafuta, nenda kanywe chai. Ukirudi, iulize tena kwa upole." Nilimuuliza, "Na ikikataa tena, Mzee?" Akajibu, "Itie mafuta tena. Chai haijaisha." Kisha alipoirudia aliigonga kichwani kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi yaliyoshuka wima, akaigeuza kwanza upande wa kukaza, kwa kiasi cha unywele, ndipo akaifungua. Ule mgeuko mdogo wa kukaza huvunja kutu pasipo kuvunja skrubu, na ni elimu inayofaa kila mtambo.

Anza kwa kuondoa bobini, kisha mkono. Hapa jihadhari: katika rili ambazo mkono hujipinda moja kwa moja ndani ya gia, upande mmoja uzi wa skrubu huenda kinyume cha desturi, na nati inayoishika rota nayo katika baadhi ya rili ni ya kinyume, kwa hiyo isipotii, jaribu upande wa pili kabla ya kuongeza nguvu. Rota ikitoka na kifuniko cha sanduku kikifunguliwa, utaikuta grisi ya zamani. Itazame rangi yake, maana inakupa habari. Ikiwa ya manjano au nyeupe na laini, rili ina afya, nawe ungeweza kungoja. Ikiwa ya kijivu inayometameta, kuna metali inayosagika. Ikiwa ngumu na nyekundunyekundu, vumbi limeingia. Ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yalikaa humo.

Sehemu za chuma zichovye katika mafuta ya taa na kuzipiga mswaki, ukipita kila jino la gia. Za plastiki na za mpira zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mafuta ya taa yakishaondoa uchafu yaondolewe nayo kwa sabuni, kwa kuwa huacha utando unaokataa grisi mpya. Kisha acha kila kitu kikauke sawasawa kivulini. Kavu ni kavu: unyevu ukifungiwa ndani pamoja na grisi mpya, umeifungia rili adui yake.

Beringi zinastahili aya yake. Ni vigurudumu vidogo vyenye gololi ndani, na rili inaweza kuwa na moja au kumi. Ishike beringi kwa ncha ya njiti ya meno iliyopita tunduni mwake, uizungushe kwa kidole karibu na sikio. Iliyo nzima huzunguka muda mrefu na sauti yake ni ya mvumo mwembamba. Iliyochafuka hukwaruza na kusimama ghafla, na kidole huhisi punje. Iliyokwisha hucheza upande hata ikioshwa. Ile iliyochafuka ina matumaini. Baadhi zimefunikwa kwa kifuniko chembamba kilichozuiwa na kijipete cha waya, ambacho hung'olewa kwa ncha ya pini, na kifuniko kikaondoka. Itikise beringi ndani ya kichupa chenye mafuta ya taa, umwage, urudie mpaka mafuta yatoke safi, uikaushe, kisha uitie matone mawili ya mafuta ya cherehani. Usiizungushe kwa pumzi ya pampu ya baiskeli ikiwa kavu, maana gololi zisizo na mafuta huumizana. Ile iliyokwisha kabisa isikuhuzunishe: vipimo vya beringi ni vya dunia nzima, na ubavuni mwake aghalabu zimechongwa namba. Yenye namba 623 ni ya tundu la milimita 3, upana wa nje milimita 10 na unene milimita 4. Yenye MR115 ni ya 5 kwa 11 kwa 4. Yenye 687 ni ya 7 kwa 14 kwa 5 ikiwa na vifuniko. Muuza beringi wa Mbeya au Tunduma huenda hajapata kuona rili maishani mwake, lakini akipewa namba anaelewa, na kama hana anaweza kuagiza.

Kuhusu mafuta kuna makosa mawili ambayo watu huyafanya kwa nia njema. La kwanza ni kutia mafuta ya kupikia. Hufanya kazi vizuri wiki ya kwanza, lakini mafuta ya mimea yakikaa na hewa hugeuka gundi, na rili nyingi zilizokakamaa hazina kutu hata chembe, zimegandishwa na alizeti. La pili ni kudhani kwamba grisi nyingi ni hisani kubwa. Grisi ni ya gia, na inatosha ikipakwa nyembamba kwa mswaki kwenye meno na kwenye shafti inayoisukuma bobini. Mafuta mepesi ni ya vitu viendavyo mbio, yaani beringi, kirola cha uzi na mashina ya upinde. Na kipo kiungo kimoja kisichotaka grisi kabisa: ile beringi ya vijiti iliyo chini ya rota, inayozuia mkono usirudi nyuma. Vijiti vyake hushika kwa kujibana, na grisi ikiingia huteleza, na mvuvi hushangaa kuona rili iliyotoka kusafishwa inarudi kinyumenyume samaki anapovuta. Ioshe, ikaushe, uiguse kwa tone moja la mafuta ya cherehani, basi.

Magonjwa ya rili hujitambulisha kwa dalili zake. Uzi ukijisokota na kufanya mafundo, mara nyingi bobini haina kosa. Ni kirola kilicho pembeni mwa upinde kimeshikana, uzi unaburuzwa juu yake badala ya kuviringika. Kifungue, ukisafishe, ukikague kwa ukucha: ukihisi mfereji, uzi umekwisha kukila, nacho kitaukata mshipi wowote utakaoweka, hivyo kilainishwe kwa msasa mwembamba kabisa au kibadilishwe. Sauti ya kugonga mara moja katika kila mzunguko wa mkono ni jino la gia lililomeguka, na hapa nasema wazi kwamba fundi wa nyumbani hana dawa. Gia haichongwi kwa tupa mezani, itafutwe rili nyingine ya jamii hiyohiyo iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Kwa ajili hii usiitupe rili mbovu. Iweke katika kopo pamoja na skrubu zake.

Upinde usiojifunga kwa nguvu unadai springi. Springi hiyo ni kitu kidogo chenye hila: ukifungua kifuniko chake inaruka na kupotea chini ya kabati. Fanya kazi hiyo mikono yako na rili vikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki usio na rangi, na itakaporuka itakuwa imeruka mfukoni. Ikiwa imekatika ncha tu, inawezekana kuikunja upya ncha nyingine kwa koleo lenye mdomo mwembamba; pasha moto kidogo sana au usipashe kabisa, kwani chuma cha springi kikishakuwa chekundu na kupoa polepole husahau kazi yake. Ile springi ndogo inayofanya mlio wa kutikatika chini ya bobini yaweza kwa muda kushikiliwa na kipande cha springi ya kalamu ya wino.

Breki ndiyo sehemu ambayo ningependa msomaji aipe heshima kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo samaki mkubwa hupatikana au hupotea. Ondoa kipete cha waya kilicho juu ya bobini, utoe washa moja moja, ukumbuke mpango wake. Za chuma zifutwe mpaka ziwe laini kama kioo. Ikiwa zina alama za kutu, zisuguliwe juu ya msasa mwembamba uliolazwa juu ya kipande cha kioo, kwa mzunguko, ili zisipinde. Za kitambaa cha sufi zilizokauka na kuwa ngumu hulowanishwa kwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Za kaboni hufutwa tu. Rili za zamani zina washa za ngozi, na hizo ni riziki ya fundi wa Iyula: kipande cha ngozi halisi ya mkanda mzee, kilichokatwa kwa kufuata ile ya kale kwa kisu kikali, kikalowekwa katika mafuta mepesi usiku mmoja, kinaweza kuifanya breki ivute tena kwa ulaini, bila kushtuka. Breki inayoshtuka, inayoshika na kuachia na kushika, ndiyo inayokata mshipi.

Katika kurudisha, kila skrubu ipakwe grisi kidogo kwenye uzi wake kabla ya kuingia, ili yule atakayeifungua miaka ijayo, ambaye pengine ni wewe, asihitaji nyundo. Skrubu za kifuniko zikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, maana alumini huchubuka haraka. Kabla ya kufunga kabisa, zungusha mkono. Ikiwa kuna uzito mahali pamoja, fungua utazame, wala usijiambie kwamba utakwisha wenyewe. Kisha tia uzi. Nailoni huchakazwa na jua, na uzi uliopauka na kuwa mkavu haufai hata kama haujaguswa na samaki. Ujaze mpaka zibaki milimita 2 hivi kufikia ukingo wa bobini, kwa kuwa uliopungua hautupiki mbali na uliozidi huporomoka wenyewe.

Baada ya kila safari ya Rukwa au ya pwani, kaza breki ili maji yasipenye kwenye washa, uinyunyizie rili maji safi kwa kopo, bila kuichovya na bila kuielekezea bomba lenye nguvu, kwa kuwa maji ya kasi huisukuma chumvi ndani mahali ambapo haikuwa imefika. Ifute, iache ikauke, kisha legeza breki yote kabla ya kuihifadhi, ili washa zisikandamizwe miezi kadhaa na kupoteza ulaini. Mfuko wa kitambaa ni bora kuliko wa plastiki, nao uwe mbali na vumbi la kiangazi.

Na siku ya kurudi majini, breki ipimwe nyumbani. Kanuni iliyozoeleka ni kuikaza mpaka ivute kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mwenye uzi wa kilo 6 basi afunge mwishoni mwa uzi wake chupa mbili za plastiki za lita moja, zimejaa maji, ambazo pamoja ni kilo 2 na uzito kidogo wa plastiki, apitishe uzi katika matundu yote ya ufito, ainue. Zikining'inia bila kushuka hata ufito ukitikiswa, alegeze kifundo kidogo. Zikishuka mbio, akaze. Zikishuka polepole, kwa mwendo mmoja, bila kusimama na kuanza tena, breki imekaa sawa. Zikishuka kwa kurukaruka, zile washa hazijakauka au hazijakaa mahali pake, nazo zitolewe tena.